Panja

Nimesuka nusu ya vichwa vya Kondele
kwa miaka ishirini na mitatu, kiti kimoja cha plastiki,
mguu wake wa nyuma umefungwa kamba.
"Vuta kidogo, Nyar Alego, zikae mwezi,"
nami nikavuta. Mteja akikunja uso
nilijua kazi imeshika.
Jioni nilijivutia mwenyewe mbele ya kioo.

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Mimi nilijinyoa
bila wembe, polepole,
mpaka panja zikapanda juu ya masikio
na kitambaa kikawa sehemu ya kichwa.

Zamu yangu ya chama ilipofika, sikununua friji.

Daktari wa kwanza alikuwa wa Milimani,
sakafu inang'aa hadi unaiona shimizi yako.
Akanionyesha picha: kabla, na baada.
Kabla, chini ya taa kali. Baada, kando ya dirisha.
Mimi pia ukutani nina picha
za vichwa ambavyo sikuvisuka mimi.
Nikauliza, nani atakayeshika sindano?
"Tuna timu, mama." Na nikilipa kabla ya Ijumaa
bei itashuka.
Kinachoshuka bei jioni ni samaki,
na kwetu hakuna asiyejua kwa nini.

Wa pili alikuwa sauti ya simu tu.
Hakutaka kukiona kichwa, alitaka amana.

Wa tatu, Nakuru, ngazi nyembamba
juu ya duka la mbegu na dawa za kuku.
Daktari Cheptarus akazima taa, akafungua pazia,
akasema: vua.
Mume wangu alikufa hajakiona.
Nikavua.

Vidole vyake vilikuwa baridi, havikuwa na haraka.
Akauliza kama bado navuta.
Akaligeuza sikio, akakuta kovu la hereni
limevimba kama punje ya muhindi,
akanyamaza zaidi ya nilivyopenda.
Kisha: "Nywele zetu hujikunja hata chini ya ngozi.
Mkono usioujua mkunjo huo
hukata mzizi ukidhani umeung'oa."
Akafungua daftari.
"Huyu ziliota. Huyu ziliota nusu.
Huyu hazikuota, na aliyezipanda ni mimi."
Ni ukurasa huo wa tatu ulionifanya nikae.

"Nywele za kukupa sina," akasema.
"Nitahamisha zako, kutoka kisogoni. Ni shuka fupi hii,
ukifunika kichwa, ujue miguu italala wapi.
Hutatoka hapa na paji la bibi harusi.
Utatoka na paji la mwanamke wa miaka arobaini na tisa
aliyelala vizuri."

Nilicheka.
Picha ya harusi niliyoibeba ili aifuate
sikuitoa kwenye mkoba.

Tulianza na thelathini, nyuma ya sikio, za kujaribu,
tuone kwanza kama ngozi itavimba.
Alinionya: zitapukutika kabla ya kuota,
usinipigie simu usiku ukilia.
Zikapukutika.
Nikampigia mchana.

Huu ni mwezi wa saba. Kwa vioo viwili na miwani
nimehesabu kumi na tisa,
au ishirini, moja huenda ni uzi wa kitambaa.
Paji bado ni lilelile. Kovu halijaja.
Mwakani, akasema, ndipo tutazungumza.

Juzi mama mmoja alileta binti wa miaka minane.
"Vuta, zikae mwezi."
Nikasuka kwa mkono mlegevu, mtoto akasinzia
mdomo wazi, shavu juu ya goti langu.
"Hizi hazimalizi wiki mbili," mama akalalamika.
Nikalegeza fundo la kitambaa, nikamwonyesha.
Akatazama, akatazama barabara.
Akalipa pungufu ya shilingi hamsini.
Nikapokea.